Usasaleo haukusema "hakuna ukweli"

Wengi wetu hukutana na usasaleo (kwa Kiingereza postmodernism) darasani, siku mwalimu anapoeleza kwa nini Nagona ya Kezilahabi haisomeki kama riwaya zilizoitangulia. Maelezo huwa ni sentensi moja: hizi ni fikra zinazokana kuwapo kwa ukweli. Hapo mjadala huisha kabla haujaanza, maana asemaye "hakuna ukweli" naye ametoa dai analotaka tuliamini, kwa hiyo amejipinga mwenyewe. Mgeni wa somo hili huondoka akidhani ameushinda usasaleo kwa dakika mbili, na bado hajakutana nao.

Turudi mwaka 1979. Jean-François Lyotard, mwanafalsafa wa Ufaransa, aliandika ripoti iliyoagizwa na baraza la vyuo vikuu la serikali ya Quebec, Kanada, kuhusu hali ya maarifa katika jamii zilizoanza kutegemea kompyuta. Humo aliueleza usasaleo kuwa ni hali ya kutoziamini simulizi kuu. Simulizi kuu ni ile hadithi inayobeba uhalali wa mambo mengine yote, kwa mfano kwamba elimu inamkomboa binadamu hatua kwa hatua, au kwamba historia inaelekea kwenye usawa. Kipimajoto kinatuambia maji yanachemka kwa nyuzi ngapi, na Lyotard hana ugomvi na kipimajoto. Lakini hakituambii kwa nini dola igharimie maabara hii na si ile, wala nani aruhusiwe kuyaona matokeo. Hapo ndipo hadithi huitwa kutoa idhini, na hapo ndipo anapouliza: hadithi hii ni ya nani? Ripoti yenyewe inamalizia kwa kutaka umma upewe njia huru ya kuzifikia hifadhi za data. Asiyeamini kwamba kuna lolote la kujua asingedai hivyo.

Shaka hiyo haikuzuka hewani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Lyotard alifundisha Constantine, Algeria, wakati Ufaransa ikiitawala nchi hiyo kwa jina la ustaarabu. Jacques Derrida, mwanafalsafa mwingine anayehusishwa na usasaleo, alizaliwa huko huko, El Biar, mwaka 1930, na mwaka 1942 alifukuzwa shule kwa sababu ni Myahudi. Simulizi ya ukombozi waliijua kutoka upande wa waliokuwa wakikandamizwa kwa jina lake.

Mfano ninaouona bora kuliko yote ni wa majengo. Mhakiki Charles Jencks aliandika mwaka 1977 kwamba usanifu wa kisasa ulifia St. Louis, Marekani, tarehe 15 Julai 1972, saa 9:32 alasiri, nyumba za Pruitt-Igoe zilipolipuliwa. Yalikuwa majengo 33 ya ghorofa 11 kila moja, yaliyobuniwa na Minoru Yamasaki, na lifti zake zilisimama kwenye ghorofa ya 1, ya 4, ya 7 na ya 10 tu. Hadithi ikaenea: wasanifu waliotaka kumpanga binadamu kwa rula walijenga mashine ya kuishi, mashine ikawashinda, na hapo usasaleo ukazaliwa.

Sasa ipe hadithi hiyo maswali ya usasaleo wenyewe. Mlipuko wa kwanza ulikuwa tarehe 16 Machi, si Julai, na Jencks alikuja kukiri kwamba uhakika ule wa saa na dakika aliubuni. Alidai pia mradi ulishinda tuzo ya chama cha wasanifu wa Marekani, haukushinda. Yamasaki alipendekeza majengo mafupi yachanganywe na marefu, lakini mamlaka ya nyumba ya taifa ikasisitiza urefu mmoja ili kubana gharama. Serikali kuu ililipia ujenzi, ila matengenezo yalitegemea kodi za wapangaji. St. Louis, iliyokuwa na watu wapatao 857,000 mwaka 1950, ilibaki na 622,000 hivi mwaka 1970. Vyumba vilipohamwa kodi zikapungua, kodi zilipopungua lifti hazikutengenezwa, na lifti zilipokufa wengine wakahama. Mwaka 1969 wapangaji waligoma kulipa kodi kwa miezi tisa. Katika hadithi ya Jencks wapangaji hao hawamo kabisa. Mwaka 1991 Katharine Bristol aliichambua simulizi hiyo nukta kwa nukta na kuonyesha kwamba kwa kuwalaumu wasanifu iliwaficha waliopanga bajeti na ubaguzi wa rangi uliopanga nani aishi wapi.

Tazama kilichotokea. Hadithi pendwa ya kuzaliwa kwa usasaleo ilivunjika ilipoulizwa swali la usasaleo, na iliyobaki mkononi ni tarehe sahihi, hesabu za kodi na watu waliosahauliwa. Ukweli uliongezeka.

Udenguzi wa Derrida, yaani namna yake ya kuisoma matini hadi migongano yake ya ndani ionekane, nao una utaratibu. Tafuta jozi ya dhana zinazopingana inayobeba hoja, angalia upande upi umetukuzwa, kisha onyesha ndani ya matini yenyewe namna upande huo unavyoutegemea ule uliodharauliwa. Chukua fasihi simulizi na fasihi andishi. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, uliandikwa kwa hati za Kiarabu, lakini mizani na vina vyake vimepangwa kwa ajili ya sauti na sikio. Uweke upande upi? Wanafunzi wengi hukosea hatua ya mwisho: huipindua jozi, wakamtawaza aliyekuwa chini, kisha wakadhani kazi imekwisha. Kumbe wamebadilisha mtawala tu.

Wapinzani wana hoja, na moja inauma kweli. Mwaka 1994 mwanafizikia Alan Sokal alipeleka kwa jarida la Social Text makala ya upuuzi iliyopambwa kwa istilahi za fizikia. Ikachapishwa mwaka 1996 bila mwanafizikia yeyote kuombwa aipitie. Hilo ni kosa la uhariri, na pia ni ushahidi kwamba lugha nzito ilikuwa imegeuzwa kibali. Hata hivyo, Sokal na mwanafizikia mwenzake Jean Bricmont walipotoa mwaka 1997 kitabu cha kukosoa wanafikra wanaoitumia sayansi vibaya, hawakumtengea Derrida sura, kwa kuwa hawakuona kwake matumizi mabaya ya sayansi ya mara kwa mara. Hoja ya Jürgen Habermas, mwanafalsafa wa Ujerumani, ni nzito zaidi: ukiishuku kila mantiki, utaukosoa ukandamizaji kwa kipimo gani? Michel Foucault, mwanafalsafa mwingine wa Ufaransa, alionyesha vizuri sana jinsi gereza linavyomfanya mfungwa ajichunge mwenyewe, lakini kwa nini tulipinge gereza hilo, hilo hakulijibu kwa kuridhisha. Mimi pia sijaona kwake jibu linalotosha.

Anayeanza asianze na Jean Baudrillard, mwanafikra wa Ufaransa ambaye mwaka 1991 alitangaza kwamba Vita vya Ghuba havikutokea. Bila msingi, kauli hiyo husomwa kama kukana maiti. Aanze na utangulizi wa ripoti ya Lyotard, kurasa chache tu, kisha sura ya Foucault kuhusu gereza lililobuniwa na Mwingereza Jeremy Bentham, ambamo mlinzi mmoja aliye mnarani huweza kumwona kila mfungwa bila yeye kuonekana. Derrida amsome kalamu mkononi, na kila akutanapo na jozi aiandike pembeni.