Pampu ya maji ya chumvi: ifunguliwe au inunuliwe mpya?

Chini ya pampu inayovuta maji ya bahari kupoza mashine ya dizeli, katikati ya upande wa maji na upande wa oili, kuna kitundu ambacho wengi hawakijui mpaka kianze kutoa machozi. Likidondoka tone la maji, sili ya maji, yaani pete ya kuzuia uvujaji, imekwisha. Ikidondoka oili, ni sili ya upande wa mashine. Hapo mabishano huanza gatini: mwenye chombo anataka zibadilishwe sili na beringi tu, fundi anasisitiza inunuliwe pampu nzima.

Fundi ana hoja nzito. Maji hayo yakishapita kwenye kipozeo hutoka pamoja na moshi, na ndiyo yanayolinda mpira wa ekzosi usiungue. Yakikatika katikati ya mkondo, kusi linavuma na abiria wamejaa, mashine itazimwa pabaya. Pampu iliyofunguliwa hutegemea mkono wa aliyeifunga. Sili ikigongwa kwa nyundo ikaingia kiupande, au mdomo wake ukaelekezwa kinyume cha maji, hakuna atakayeona mpaka chombo kiwe safarini. Na kwa pampu inayozungushwa na gia za mashine, maji yakivuka sili zote mbili huingia kwenye oili, ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Ukifika hapo, bei ya pampu mpya itaonekana ndogo.

Lakini mwenye chombo naye hasemi kwa ubahili. Bodi ya shaba nyeusi huishi miaka mingi. Kinachokufa ni impela (mpira wa mapanga unaosukuma maji), sili na beringi. Beringi ina namba ubavuni, na sili mara nyingi imeandikwa vipimo vyake, kwa hiyo unaweza kuingia duka la beringi la kawaida mjini na kutoka na unachohitaji. Kwa mashine kama Perkins 4.108, ambayo haitengenezwi tena, kujua kuifufua pampu ya zamani ni uhai wa chombo chenyewe.

Kwangu mimi mwamuzi ni shafti, ule mhimili unaoizungusha impela. Itoe, ifute, kisha pitisha ukucha taratibu pale sili ilipokuwa imekaa. Ukucha ukiteleza, nunua sili, funga, safiri. Ukikwama kwenye mfereji, hata uwe mwembamba kama uzi, sili mpya haitadumu. Niliwahi kuupuuza mfereji wa namna hiyo kwa kuwa macho yalikuwa hayauoni vizuri. Wiki mbili baadaye kitundu kilikuwa kinadondosha tena, na chumvi nyeupe imechora mstari hadi kwenye kitako cha mashine. Shafti ikiharibika, tafuta shafti nyingine au nunua pampu. Kuijaza kwa kuchomelea kisha kuikereza sikushauri, kwani moto huweza kuipinda.

Kifuniko chenye mikwaruzo ya duara hakitoshi kuihukumu pampu. Mara nyingi hugeuzwa upande wa pili kikafanya kazi. Ila gasketi yake iwe ya unene uleule. Ikiwa nene, impela haigusi kifuniko, na pampu itashindwa kuvuta maji.

Liko jambo ambalo pande zote mbili hulisahau katika kubishana kwao. Impela ya mapanga 6 ikitoka na 4, mawili yamekwama mahali fulani, mara nyingi mdomoni mwa kipozeo, yameziba. Ukifunga pampu mpya bila kuyatafuta, mashine itaendelea kuchemka. Na kama kilichoiua impela ni mwani au mfuko wa plastiki uliofunika tundu la kuingizia maji, impela mpya nayo itaungua vilevile. Mpira unaozunguka mkavu hauhitaji dakika nyingi.

Kwa hiyo chombo cha abiria ningekifungia pampu mpya bila kusita, na ile kuukuu, shafti yake ikiwa nzima, ningeitia sili na beringi iwe ya akiba. Mvuvi wa karibu na pwani afufue aliyo nayo. Pampu ya akiba ihifadhiwe bila impela ndani, maana mapanga yakikaa miezi yamekunjwa hubaki na kibiongo. Impela ikae kwenye mfuko wake, pamoja na gasketi na bisibisi inayofungua kifuniko kile.