Mradi wa Kilimo umewekwa wapi?

Nimesoma makala yanayosifu kalenda ya mwaka ya shule moja ya sekondari ya Kisumu: drama muhula wa kwanza, muziki na kandanda wa pili, marudio wa tatu. Sawa, ila mradi wa Kilimo wa Kidato cha Nne sijauona, na huo una alama za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya!

Maagizo ya mradi kutoka KNEC (baraza la mitihani) yakishafika, vitalu vya miche viandaliwe mara moja, upana mita 1, kabla mvua ya masika haijapita. Tuseme zao ni sukuma wiki: miche huhamishwa baada ya wiki 4 hadi 6, nafasi sentimita 60 kwa 45. Mbolea ya kupandia, DAP, ichanganywe vizuri na udongo shimoni, la sivyo itaunguza mizizi.

Shida huanza kwaya inapoondoka kwa mashindano. Miche michanga inakosa maji, vidukari vinajazana chini ya majani, kisha daftari la kumbukumbu linajazwa usiku mmoja, kalamu moja, mwandiko mmoja (halafu lawama ni za jua la Kisumu). Miche ihamishwe wiki 3 hivi kabla ya safari, na zamu ya kumwagilia ibandikwe langoni mwa shamba.