Kampuni ndogo sokoni: nani anaiona taarifa ya benki kwanza?

Desemba 2009, American Express iligundua jambo la ajabu kuhusu mteja wake mmoja: bili kubwa kubwa za kadi yake binafsi zilikuwa zinalipwa kutoka akaunti ya kampuni ya hedifoni ya Milwaukee, Marekani. Mteja huyo ndiye aliyekuwa makamu wa rais wa fedha wa kampuni hiyo, Koss Corporation. Uchunguzi ulipokwisha ilibainika kwamba kwa takriban miaka mitano alikuwa amechota zaidi ya dola milioni 30, na hii ni kampuni ambayo mauzo yake ya mwaka mzima yalikuwa kama dola milioni 40. Fedha nyingi ziliishia kwenye nguo za kifahari, makoti ya manyoya, viatu na vito, na baadhi ya vitu hivyo havikuwahi hata kuvaliwa. Kikulacho ki nguoni mwako, ila hapa methali ilijigeuza habari ya kweli. Mwaka 2010 alihukumiwa kifungo cha miaka 11.

Koss haikuwa duka la mtaani. Hisa zake ziliuzwa Nasdaq, moja ya masoko makubwa ya hisa ya Marekani. Ilikuwa na bodi, kamati ya ukaguzi, na mkaguzi wa nje aliyeipa hati safi mwaka baada ya mwaka. Ilichokosa ni maoni ya mkaguzi huyo kuhusu udhibiti wa ndani wenyewe, yaani taratibu za kuzuia wizi na makosa ya hesabu, na ilikikosa kwa ruhusa ya sheria.

Sheria yenyewe ni Sarbanes-Oxley, iliyotiwa saini Julai 2002 baada ya Enron na WorldCom, kampuni kubwa za Marekani zilizopika hesabu, kuanguka. Kifungu chake cha 404 kina sehemu mbili. Ya kwanza inautaka uongozi wa kampuni upime udhibiti wake wa ndani na kutangaza matokeo katika ripoti ya mwaka. Ya pili inamtaka mkaguzi wa nje naye aupime na kutoa neno lake. Kampuni ambazo hisa zake zilizo mikononi mwa umma hazifiki thamani ya dola milioni 75 ziliahirishiwa sehemu hii ya pili tena na tena, hadi sheria ya Dodd-Frank ilipozisamehe kabisa Julai 2010, miezi michache tu baada ya kashfa ya Koss. Msamaha ukazidi kupanuka. Mwaka 2012 kampuni changa zilizoingia sokoni zilipewa hadi miaka mitano ya nafuu. Machi 2020 SEC, msimamizi wa masoko ya mitaji ya Marekani, ikaondoa sharti hilo kwa kampuni zenye mapato ya chini ya dola milioni 100 kwa mwaka, mradi hisa zake kwa umma hazifiki dola milioni 700.

Wanaotetea msamaha wana hoja nzito. Gharama ya ukaguzi huu haipungui sawasawa na ukubwa wa kampuni. SEC ilikadiria kwamba badiliko la 2020 lingeiokolea kila kampuni wastani wa dola 210,000 kwa mwaka. Kwa kampuni kubwa kiasi hicho hakionekani, lakini kwa kampuni ya dawa ambayo bado haijauza hata kidonge kimoja, hiyo ni mishahara ya watafiti. Wala malalamiko ya miaka ya mwanzo hayakuwa kelele za wavivu. Kanuni ya kwanza ya ukaguzi, ya mwaka 2004, iliwafanya wakaguzi wapekue karibu kila kitu, hadi ikabidi mwaka 2007 iandikwe nyingine inayowaelekeza waanzie kwenye hatari kubwa.

Watetezi hutaja pia kampuni zilizoamua kujiondoa sokoni kwa ajili ya gharama. Kampuni yenye wanahisa walioandikishwa chini ya 300 inaweza kufuta usajili wake SEC, na baada ya 2002 nyingi zilifanya hivyo. Hapo mwanahisa mdogo anapoteza vyote, udhibiti na ripoti pia. Hata hivyo hoja hii ina upande wa pili: utafiti wa Leuz, Triantis na Wang wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa si wote waliokimbia gharama. Wengine walikimbia macho ya watu.

Kwa wanaopinga msamaha, Kamishna wa SEC Allison Herren Lee aliukataa uamuzi wa 2020. Kampuni ndogo ndizo zenye udhaifu mwingi zaidi na ndizo zinazolazimika kurekebisha hesabu zilizokwisha kutangazwa, kwa hiyo kuzisamehe ni kuondoa mlinzi pale anapohitajika zaidi. Ibaki sehemu ya kwanza peke yake, yaani uongozi kujipima, na tayari tunajua ilivyokuwa Koss: uongozi ulitangaza kwamba udhibiti uko sawa huku fedha zikiendelea kuchotwa.

Hapa inafaa kutazama jinsi wizi ulivyofanyika. Utaratibu wa kampuni ulitaka kila ankara ya dola 5,000 na zaidi iidhinishwe na mkurugenzi mtendaji. Kwenye karatasi ni kanuni nzuri. Lakini haikugusa fedha zinazohamishwa moja kwa moja kutoka benki wala hundi za benki, na mwizi alipita humo humo. Mkurugenzi mtendaji mwenyewe ndiye pia alikuwa mkuu wa fedha. Kampuni ndogo hujitetea mara nyingi kwamba haina watu wa kutosha kugawana majukumu, ila bosi yupo karibu na anaona kila kitu. Koss bosi alikuwepo karibu.

Je, mkaguzi angemnasa? Huenda. Anayepima udhibiti lazima aulize fedha inatokaje humu ndani. Lakini mkaguzi wa hesabu naye alipita mle mle kila mwaka asione, kwa hiyo siwezi kuuita ukaguzi wa pili dawa. Kwa kampuni ndogo kabisa, msamaha wa 2010 naukubali. Wa 2020 unanitia shaka. Hoja yake ni kwamba kampuni isiyo na mapato ina machache ya kupikwa vitabuni, lakini anayeiba hahitaji mapato, anahitaji fedha iliyopo benki. Kampuni ya dawa isiyo na mauzo yoyote inaweza kuwa na mamia ya milioni ya wawekezaji yakisubiri majaribio.

Kwetu njia iliyochaguliwa ni nyingine. Soko la Hisa la Nairobi na lile la Dar es Salaam yalifungua madirisha ya kampuni zinazokua mwaka 2013, na kama AIM, soko la London la kampuni ndogo, kila kampuni inatakiwa kuwa na mshauri mteule wa kuisimamia ifuate kanuni. Ni nafuu, ila mshauri huyo analipwa na kampuni anayoisimamia.

Kinga nyingine hazigharimu hata robo ya dola 210,000: saini mbili kwa kila uhamisho, taarifa ya benki kupelekwa moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi, na mkuu wa fedha kulazimishwa likizo huku mwingine akikaa kwenye kiti chake. Mwenye hisa chache hawezi kuzitunga kanuni hizo, lakini kwenye mkutano mkuu ana haki ya kuuliza nani mwingine anaidhinisha fedha itoke, na nani anaisoma taarifa ya benki kabla mkuu wa fedha hajaigusa.