Taa za LED kwenye boda: nyuma ndiyo, mbele tusiharakishe

Ukitoka Kisumu kwenda Busia baada ya saa moja jioni, utawalaani waendesha boda kwa sababu mbili zinazopingana. Kabla hujafika Kisian unapishana na pikipiki yenye mwanga wa kibatari, huioni mpaka iko ubavuni mwako. Ukikaribia Maseno inakuja nyingine iliyofungwa LED tatu nyeupe mbele, zote zikikupiga machoni, nawe unabaki sekunde kadhaa ukiendesha kwa kukumbuka barabara ilivyokuwa. Wenye magari wanataka taa hizi zipigwe marufuku. Wa boda wanajibu kwamba taa ya kiwandani haiwaonyeshi kitu. Mimi naona wote wanabishania kifaa, ilhali jambo la kubishania ni mahali kinapofungwa. LED iliyoungwa na fundi wa mtaani, ikiwekwa nyuma na pembeni mwa pikipiki, ni kazi nzuri inayostahili kuungwa mkono hata na askari wa trafiki. Ikiwekwa mbele kwa namna inavyowekwa sasa, mara nyingi inamnyima mwenyewe kile alichokilipia.

Malalamiko ya mwendesha boda yana msingi. Pikipiki nyingi za kazi hapa kwetu huja na balbu ya mbele ya wati 35. Balbu ya aina ya HS1, ambayo ni ya kawaida kwa ukubwa huo, hutoa takriban lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 800 ikiwa fulu na 500 ikiwa dimu, tena pale inapopata volti zake kamili. Kwenye modeli nyingi za bei ya chini haizipati. Taa ya mbele haitoki kwenye betri bali inachukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili ya injini, kwa hiyo ukipunguza mafuta mwanga nao unazama. Na mtu hupunguza mafuta wapi usiku? Kwenye shimo, kwenye kona, anapoacha lami kuingia murram. Yaani taa inafifia pale pale inapohitajika zaidi.

Halafu fikiria kinachomngoja mbele. Upande wa Mumias, Chemelil na Muhoroni, ni trela la miwa lililoharibika barabarani bila taa wala rifleta, limewekewa matawi mawili ya mti kama onyo. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa pikipiki inakata karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde moja na nusu ya kushtuka ni mita 25, na breki nzuri kwenye lami kavu zinataka nyingine kama hizo. Kwa hiyo mtu anahitaji kuona mita 50 mbele, na zaidi ya hapo kwenye murram au mvua. Anayemwambia aridhike na taa iliyofifia huenda hajawahi kupita Chemelil usiku kwa magurudumu mawili.

Basi anaenda dukani, anapewa balbu ya LED yenye boksi lililoandikwa lumeni 20,000. Hapa hesabu ndogo ingemwokoa. LED nyeupe nzuri hutoa lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati. Balbu hiyo hiyo, ukigeuza boksi, imeandikwa wati 20. Kwa hesabu ya ukarimu ni lumeni 3,000, na kwa bidhaa za rafu ya chini ni pungufu sana. Lakini tuseme ni 2,000 kweli. Bado ni zaidi ya mara mbili ya balbu ya zamani, sivyo?

Ndiyo, ila mwanga mwingi si sawa na mwanga unaofika mbali. Kioo cha ndani ya taa kimechongwa kwa kudhani kwamba mwanga unatoka kwenye uzi mwembamba uliokaa mahali mahususi, kwa kipimo cha milimita. Kwenye HS1, chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usiguse nusu ya chini ya kioo, kwa sababu mwanga wa nusu hiyo ndio ungerushwa juu, kwenye macho ya anayekuja. Balbu nyingi za LED za bei rahisi zina vipande vinavyotazama kila upande, havikai pale uzi ulipokuwa, na kikombe hicho hakipo au kipo kwa jina tu. Mwanga unamwagika ovyo: mwingi juu, mwingi kwenye majani ya pembeni, mwingi mita 10 mbele ya gurudumu. Jicho la mwendeshaji likizoea ule weupe wa karibu, mboni inasinyaa, na kile kilicho mita 50 mbele kinapotea kabisa. Ataapa kwamba sasa anaona vizuri, na hadanganyi, maana majani yanang'aa kweli. Trela la miwa ndilo asiloliona.

Rangi nayo inachangia. LED nyeupe kwa kawaida ni LED ya buluu iliyopakwa kemikali ya njano juu, na zile za bei ya chini huegemea ubuluu. Kwenye ukungu wa Timboroa au mvua ya Kericho mwanga wa aina hiyo huudhi macho zaidi unapokurudia usoni. Mwenye njia hizo anatafuta kitu chenye unjano, na aache sifa za weupe kwa wanaopiga picha.

Kuna utetezi mmoja wa taa kali ambao siwezi kuupuuza. Matatu na malori hayaishushii pikipiki taa. Dereva anayepishana na lori hushusha mara moja, lakini akiona taa moja ndogo anaipita na fulu yake kana kwamba hakuna mtu. Mwendesha boda amejifunza kwamba akiwa na mwanga wa kuudhi, anashushiwa. Ni mantiki ya barabarani na inafanya kazi mpaka pale inapomkuta dereva ambaye badala ya kushusha anapofuka, na barabara ya njia mbili bila ukingo wa maana haimpi nafasi ya kukosea. Tena kuna spotilaiti zenye lenzi zake zenyewe ambazo hukusanya mwanga sawasawa. Hizo sizipingi. Ninachopinga ni kuziwekea swichi ya peke yake kwenye usukani, swichi ambayo ikishawashwa saa moja jioni huzimwa alfajiri. Fundi anayejua kazi huziunganisha kwa relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, inayofuata waya wa fulu, ili kidole kikishusha dimu, na spotilaiti zizime.

Sasa twende nyuma, ambako watu hawana hamu ya kwenda kwa sababu mwenye pikipiki haoni taa yake ya nyuma. Mafundi wetu wa umeme mdogo si wageni wa LED. Wavuvi wa omena ziwani waliozoea karabai wengi wamehamia taa za LED na betri, na mtu aliyeziunga taa hizo zikaelea juu ya maji hashindwi na mkia wa pikipiki. Vipuri vipo: LED nyekundu madukani, rezista (vipuri vya kupunguza umeme unaopita) zilizotolewa kwenye bodi za redio mbovu, na vipande vyeupe kutoka nyuma ya skrini za televisheni zilizokufa, vinavyofaa taa ya namba.

Kazi yenyewe inasimama juu ya hesabu moja. LED nyekundu ya kawaida hula takriban volti 2 na isipewe zaidi ya miliampea 20. Ukifunga tatu mfululizo ni volti 6. Wanafunzi wengi hutoa 6 kutoka kwa 12, wanagawa kwa ampea 0.02 (yaani miliampea 20), wanapata rezista ya omu 300, wanafunga na kufurahi. Lakini betri ya pikipiki ni ya volti 12 ikiwa imelala tu. Injini ikiunguruma, chaji hupanda hadi 14.4. Rezista ile ile sasa inapitisha miliampea 28, na ndiyo sababu taa nyingi za kuungwa nyumbani hung'aa wiki chache kisha zikaanza kufa moja moja. Piga hesabu na 14.4, utapata omu 420. Chukua ya 470, inayopatikana kila mahali. Mwanga utapungua kidogo ambacho hakuna jicho litakachokiona.

Taa ya nyuma inatakiwa kuwa na viwango viwili, hafifu ya kutembelea na kali ya breki. Hapa napenda ule ujanja wa zamani: waya wa taa upite kwenye rezista kubwa, waya wa breki upite kwenye ndogo, kila mmoja na diodi yake ya 1N4007, kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ili umeme wa mmoja usirudi kwenye mwingine. Ukisahau diodi, ukiwasha taa ya nyuma umeme unarudi kwenye waya wa breki. Faida ya kazi hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Uzi wa balbu huhitaji muda wa kupata moto, na LED huwaka kama sekunde 0.2 kabla yake. Gari linalokufuata kwa kilomita 80 kwa saa hukata zaidi ya mita 4 katika muda huo. Tena uzi wa balbu hukatika kwa mtikisiko wa murram, na mwendesha boda hujua taa ya nyuma imekatika anapoambiwa na askari, au hajui kabisa. LED haina uzi wa kukatika.

Indiketa zina kisa chake. Flasha ya zamani, kile kifaa kinachoziwasha na kuzizima, hupiga kwa kutegemea umeme unaovutwa na balbu za wati 10. Ukiweka LED zinazovuta kidogo, inaganda au inapiga mbio kama imepagawa. Dawa ya dukani ni kuongeza rezista kubwa inayochoma wati zile zile ulizookoa, jambo linalonichekesha. Afadhali kuunda flasha kwa chipu ya 555, chipu ya kuhesabu muda. Kwa rezista ya kilo-omu 1, nyingine ya kilo-omu 47 na kapasita ya maikrofaradi 10 unapata mipigo 91 hivi kwa dakika, katikati kabisa ya ile 60 hadi 120 inayotakiwa na kanuni za Umoja wa Mataifa. Tahadhari ni kwamba 555 ya kawaida imekusudiwa volti zisizozidi 16, na pikipiki yenye regulata (kidhibiti cha volti) mbovu huvuka hapo bila kupiga hodi, kwa hivyo ulinzi wa diodi ya zena, inayozuia volti zisipande kupita kiasi, si anasa.

Wanaopinga kazi za mikono wana hoja nzito, nayo haihusu LED. Inahusu waya. Chungulia nyuma ya taa ya mbele ya boda iliyozeeka: tepu nyeusi iliyoyeyuka, waya wa spika ukibeba umeme wa spotilaiti, fyuzi imezungukwa na karatasi ya sigara. Waya za pale hupindwa kila usukani unapogeuzwa, na kiungo kisichochomewa kwa solda vizuri hakimalizi msimu wa mvua. Na pikipiki nyingi si za wanaoziendesha. Mwenye mali akikuta waya zimekatwa, au kampuni ya mkopo ikikuta kifaa chake cha kufuatilia kimeguswa, anayewajibishwa ni kijana wa steji. Hilo pekee ni sababu ya kutumia soketi badala ya kukata, ili cha kiwandani kirudishwe.

Kuhusu mafuta na betri, nitapita haraka. LED haitakupunguzia mafuta kwa kiasi cha kuhesabika. Regulata za pikipiki ndogo nyingi hurudisha umeme uliozidi kwenye bodi ukawa joto. Ulichookoa kwenye taa kinapotelea hapo. Na ile taa ya mbele inayotegemea koili haikuwahi kula betri, hivyo kuipunguzia wati hakuisaidii betri. Kinyume chake, LED haipendi umeme wa koili unaogeuka-geuka, kwa hiyo fundi huihamishia kwenye betri ndogo ambayo upande wake wa chaji haukupangiwa mzigo huo. Spotilaiti mbili zikiongezwa juu yake, honi ndiyo ya kwanza kulalamika.

Imebaki serikali. Sheria ya Trafiki, kifungu cha 103B, inamtaka mwendesha pikipiki avae helmeti na jaketi lenye rifleta, maana yake tayari imekubali kwamba kuonekana ni nusu ya usalama. Lakini kwenye vizuizi vya barabarani kinachokamatwa ni rangi na wingi wa taa, wala hakuna anayeuliza mwanga unaangukia wapi. Taa nyekundu au buluu mbele ikamatwe, sina shida. Ila mwenye balbu ya kiwandani iliyoelekezwa juu hupita salama, naye anapofusha vile vile.

Kipimo ni rahisi na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ingeweza kukifanya na vyama vya boda bila mashine yoyote. Simamisha pikipiki mita 5 kutoka ukutani jioni, weka alama ukutani kwa kimo cha katikati ya taa, washa dimu. Mpaka wa juu wa mwanga ukae sentimita 5 hadi 10 chini ya alama. Kama mwanga hauna mpaka wa juu, umesambaa tu, hiyo balbu irudi dukani. Na jambo ambalo karibu kila fundi husahau: pima abiria akiwa ameketi. Ukimpakia mtu mzima au gunia la mahindi, nyuma inazama na pua inainuka, na taa iliyokuwa sawa gereji inakuwa ya kupofusha kuanzia abiria wa kwanza wa jioni.