Herodotus na Siku 70 za Magadi: Tumwamini kwa Kiasi Gani?

Karibu kila maelezo ya jinsi Wamisri wa kale walivyohifadhi maiti humrudia Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, kwa kuwa maandishi ya Wamisri yaliyosalia yanaeleza ibada zaidi kuliko ufundi. Anasimulia kwamba jamaa wa marehemu walionyeshwa sanamu za mbao za mfano, kisha wakachagua kati ya bei tatu. Aliyelipiwa bei ya juu alivutwa ubongo puani kwa kulabu ya chuma, akapasuliwa ubavu kwa jiwe kali, matumbo yakatolewa, na nafasi yake ikajazwa manemane na viungo vingine. Wa bei ya kati hakupasuliwa, bali alitiwa mafuta ya mwerezi kwa njia ya haja kubwa ili yayeyushe vilivyomo. Maskini alisafishwa tumbo tu. Wote watatu, anasema, walilazwa katika magadi kwa siku 70. Magadi hayo ni jamaa ya haya tunayotia kwenye maharage, na kazi yake ilikuwa kunyonya maji mwilini kabla uozo haujaanza.

Hapo kwenye siku 70 ndipo anapobanwa. Mwaka 1994, watafiti Bob Brier na Ronald Wade walifukia maiti katika zaidi ya kilo 200 za magadi huko Maryland, Marekani, na baada ya siku 35 ilikuwa imekauka vya kutosha. Kitabu cha Mwanzo nacho, kikisimulia kifo cha Yakobo huko Misri, kinatenganisha siku 40 za kumpaka dawa na siku 70 za maombolezo. Hata hivyo, hesabu ya 70 imo katika maandishi ya Wamisri wenyewe. Kwa maoni yangu, Herodotus alisikia namba sahihi akaiweka mahali pasipo pake: 70 ni siku za shughuli nzima, pamoja na mafuta na kufungwa sanda za kitani.

Kuhusu mafuta ya mwerezi, ushahidi una pande mbili, wa kumuunga mkono na wa kumpinga. Baadhi ya wanawake wa nasaba ya 11 ya wafalme wa Misri, waliozikwa Deir el-Bahari, hawana chale ubavuni, jambo linaloshabihi bei yake ya kati. Lakini karakana ya kuhifadhi maiti iliyofukuliwa Saqqara, Misri, iliyotumika takribani karne moja kabla ya Herodotus, inaonyesha ufundi mpana zaidi. Vyungu vyake vimeandikwa majina ya dawa na mahali pa kuzipaka, kichwani kwa mfano. Na vipimo vilivyochapishwa mwaka 2023 vilionyesha kwamba “antiu”, neno lililozoeleka kutafsiriwa manemane, hapo lilikuwa mchanganyiko wa mafuta ya mwerezi na miti ya jamii yake pamoja na shahamu ya wanyama.

Kwa hiyo namwamini Herodotus kama shahidi wa biashara ya zama zake: zile sanamu za mfano na yale madaraja ya bei ni mambo anayoyajua mtu aliyezungumza na watu wa kazi hiyo. Simwamini anapofanywa msemaji wa miaka 3,000. Farao Ramesses wa Pili, aliyekufa zaidi ya miaka 700 kabla yake, alipochunguzwa alikutwa na punje za pilipili manga puani, zilizosaidia pua yake ndefu isibanwe na sanda, na katika bei zote tatu za Herodotus pilipili hiyo haimo.