Nilikimbia Korona, Nikaangukia kwa Jogoo

"Nani huyo kaja na jogoo kwenye mkutano?"

Bosi aliuliza hivyo saa tatu asubuhi, mbele ya watu 23, nikiwa katikati ya sentensi niliyoiandaa tangu usiku. Sentensi yenyewe ilikuwa inaeleza kwa nini sina haja ya kurudi ofisini. Nilikuwa nimefika pale pa "mazingira ninayofanyia kazi ni tulivu kabisa". Wote wakanyamaza. Jogoo naye akangoja kimya kile kikolee, kisha akarudia.

Nikajizima sauti, nikaanza kugeuza shingo huku na huku kama mtu anayemsaidia bosi kumtafuta mwenye jogoo. Shida ilikuwa kamera. Nyuma yangu, kwenye kioo, mwenyewe kasimama kifua mbele, kama makamu wangu.

Jamani, mimi ni mtu wa ghorofa ya 11. Kuku nilikuwa namjua kwa mapaja tu. Leo ofisi yangu ni paa la banda la kuku la jirani, na sina hakika kama nimepanga au nimehifadhiwa.

Yote yalianzia kwenye lifti. Machi 11, 2020, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kwamba korona sasa ni janga la dunia nzima, nilikuwa ndani ya lifti na wenzangu watano. Mmoja akakohoa. Sisi wengine hatukupumua mpaka chini. Wiki iliyofuata likabandikwa tangazo: mwisho watu wawili. Jengo lina ghorofa 14! Ukitaka kutoka Jumatatu, anza kupanga foleni Jumapili. Nikahamia kwenye ngazi. Nikifika mlangoni kwangu nahema hivi kwamba mke wangu ananipima joto kwanza ndipo anifungulie.

Na huko ndani afadhali hata ngazini. Chumba na sebule, wakubwa wawili, watoto wawili, meza moja. Mke wangu anafundisha wanafunzi wake mezani, mtoto mkubwa anafundishwa mezani hapohapo na mwalimu mwingine, mdogo yuko chini ya meza anang'ata waya. Mimi vikao vyangu nilivifanyia bafuni, maana ndiko kwenye mlango unaofungika. Msinicheke, mwaka ule kila mtu alikuwa kikaoni. Zoom peke yake, Desemba 2019 ilikuwa na wahudhuriaji kama milioni 10 kwa siku. Aprili 2020 wakafika milioni 300. Mmoja wa hao milioni 300 alikuwa amekalia choo kilichofunikwa, kavaa tai.

"Unasikika kama uko pangoni," bosi akaniambia.

"Mtandao, bosi."

Basi siku moja rafiki yangu akarusha picha. Kasimama pekupeku kwenye majani, kikombe mkononi, jua linazama nyuma yake, na chini kaandika: "Tulichelewa wapi?" Mke wangu aliitazama ile picha muda mrefu. Kisha akanitazama mimi muda mrefu zaidi. Nikajua tunahama.

Wala hatukuwa peke yetu. Huko Ufaransa, kampuni ya simu ya Orange ilitazama laini zake ikakuta kwamba kati ya Machi 13 na 20, wiki moja tu, asilimia 17 ya wakazi wa Paris na viunga vyake wameshatoweka. New York, watu wapatao 420,000 waliondoka kati ya Machi 1 na Mei 1, na mitaa iliyobaki mitupu kuliko yote ni ile ya wenye nazo. Wale wengi walikuwa wanakwenda kwenye nyumba zao za pili. Mimi hata ya kwanza ilikuwa ya kupanga.

Wapo na wengine, ambao hao siwachanganyi na mzaha wangu. India ilifungwa usiku wa Machi 24, na taarifa ilitolewa saa nne tu kabla. Vibarua wa Delhi na Mumbai, kazi imekatika, treni na mabasi yamesimama, wakashika barabara kwa miguu, mamia ya kilomita, mtoto begani na mzigo kichwani. Wale walikuwa wanarudi nyumbani kwa sababu mji umewatapika. Sisi wenye kompyuta tulikuwa eti "tunabadilisha mazingira". Narudi kwa kuku wangu.

Madaktari wa zamani wa Ulaya walikuwa na dawa ya tauni yenye maneno matatu ya Kilatini: *cito, longe, tarde*. Ondoka upesi, nenda mbali, chelewa kurudi. Niliinywa yote. Upesi: tulipakia lori usiku, asubuhi tukagundua tumebeba na takataka. Mbali: mwendo wa saa tatu, nusu yake barabara, nusu yake matumaini. Kuchelewa kurudi ndiko kunakonitesa sasa, nitalifikia. Ila hao madaktari hawakutamka neno hata moja kuhusu mtandao, na mimi nawadai hapo.

Mwenye nyumba nilimuuliza mapema, tena kwa simu, nikamrudia mara mbili: "Mtandao upo?" Akasema upo. Na ni kweli upo. Kosa langu sikuuliza upo wapi.

Nilifika huku nikidhani tumewakimbia wenye korona. Kumbe wenyeji wao wanajua korona imekuja na lori letu. Mzee jirani yetu alitoka kutulaki, lakini aliishia hatua kumi kutoka kwenye uzio, kashika fimbo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, karibuni sana. Simameni hapohapo."

Siku 14 tukawa tunasalimiana kwa kupunga mikono kama watu walio kwenye merikebu mbili. Tena mzee alikuwa na utaalamu wake: kabla ya kunijibu anaokota jani, analiachia, anaangalia upepo unakwenda wapi. Kama unatoka kwangu kwenda kwake, mazungumzo yanaahirishwa.

Sikumlaumu. London ilipokumbwa na tauni mwaka 1665, Mfalme Charles II na watu wake waliwahi kuondoka, hata Bunge likaja kukaa Oxford. Wakubwa hawapishani na ugonjwa mlangoni. Raia wa kawaida, ukitaka kusafiri ilikupasa uwe na cheti kutoka kwa wakubwa wa mji kwamba huna tauni, la sivyo vijiji vinakurudisha ulikotoka. Na vyeti vya kughushi vikazuka, naam, mwaka 1665! Kwa hiyo mzee wangu alikuwa mpole. Hakudai cheti, alidai upepo tu.

Mtandao wenyewe niliutafuta siku tatu. Nimezunguka kiwanja kizima mkono juu, kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda msalani. Nikaukuta siku ya nne, kwa mzee, juu ya paa la banda la kuku. Si pembeni ya banda, si chini yake. Juu. Ukishuka hatua moja, bosi anaganda mdomo wazi. Mzee alinikubalia kwa sharti moja: "Usiwasumbue."

Ndipo nikawa napanda kila asubuhi. Juu shati na tai, chini mabuti ya mpira. Jogoo alikuwa na paa lile kabla yangu, na hakuniandikia barua ya kukubali ugeni. Kwa kuwa hakuwahi kukosa kikao hata kimoja, nilimwita Katibu. Tofauti yake na makatibu wengine ni kwamba yeye anachangia kila ajenda.

Wakati huo bosi alikuwa anatutia moyo kila Jumatatu kwa ujumbe uleule: Isaac Newton naye, tauni ilipofunga chuo cha Cambridge mwaka 1665, alirudi kwao kijijini Woolsthorpe, na huko akapiga hatua kubwa katika hesabu, mwanga na nguvu ya mvutano. "Na wewe huko uliko?" Mimi huku niliko niligundua kwamba bati likipigwa na jua la saa sita, suruali inashika. Halafu tusemezane ukweli. Newton alikuwa na miaka 22, hana mke, hana mtoto wa kumuuliza saba mara nane, na hana kikao cha saa tatu. Hata mimi ningegundua kitu.

Kimya nacho, kile nilichokifuata, kilitunyima usingizi. Usiku wa kwanza nikamwamsha mke wangu.

"Sikiliza."

"Nini?"

"Hakuna kitu."

Hatukulala tena. Usiku wa pili vyura wakajitokeza kujaza pengo.

Lakini kubwa kuliko yote ni watu. Nilikimbia watu! Kule ghorofani niliishi miaka sita mlango kwa mlango na mtu ninayemjua kwa jina la "yule wa kushoto". Huku siku ya tatu tu watu niliowakuta njiani wananiambia, kwa umbali unaotakiwa na barakoa juu: "Jana taa yenu ilizimwa saa saba usiku. Mama hajambo?" Mwili wangu ulikaa mita mbili kutoka kwa kila mtu. Siri zangu zilikuwa zinashikana mikono kijiji kizima.

Ikafika siku nikamwendea mzee kumweleza, kwa heshima zote, kama Katibu angeweza kufungiwa ndani mpaka mchana. Mzee hakunijibu. Alimwita mjukuu wake, kijana wa miaka ishirini na kitu, ambaye mchana kutwa alikuwa anashinda chini ya banda akijifanya anatengeneza baiskeli. Kijana akachomoa simu, akatusomea. Kumbe Ufaransa, kwenye kisiwa cha Oléron, kulikuwa na jogoo aitwaye Maurice. Wenye nyumba ya mapumziko walimshtaki kwamba anawika mapema mno. Septemba 2019 mahakama ikasema jogoo ana haki ya kuwika. Tena Januari 2021 ikapitishwa sheria ya kulinda sauti na harufu za mashambani, ili wahamiaji wa mjini wasije wakashtaki majogoo, kengele za ng'ombe na samadi.

"Sasa," mzee akasema, "wewe unashtaki?"

Nikasema nilikuwa napita tu.

"Na huyo Morisi yuko wapi siku hizi?"

Kijana akateremsha kidole kwenye simu. Alikufa 2020, mafua ya kuku. Mzee akavua kofia. "Maskini. Na yeye mwaka uleule."

Wataalamu nao wanasema niliruka mbali mno. Mwaka 2021 wachumi wawili wa Stanford, Ramani na Bloom, waliangalia Marekani wakaona kwamba wengi waliotoka katikati ya miji mikubwa hawakwenda vijijini hata kidogo. Walihamia pembezoni mwa mji uleule. Mji ukawa kama donati, katikati tundu, unono pembeni, na wenyewe wakaiita hivyohivyo, athari ya donati. Wenzangu wale sasa wanaingia ofisini kwa basi moja na kulala kwenye bustani zao. Mimi niliivuka donati nzima nikaangukia nje ya sahani.

Maana mwaka 2022 bosi alikuja na jipya: siku tatu kwa wiki, ofisini, ana kwa ana. Mtu yuleyule aliyetuambia jengo halina maana, kazi ni watu! Nikapiga hesabu ya mwendo wa saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, nikampigia mwenye nyumba wa zamani. Huyu 2020 alikuwa ananibembeleza nibaki kwa kodi pungufu. Safari hii alitaja bei kwa sauti ya mtu anayeuza figo yake. Ndivyo ilivyokuwa hata Manhattan, kodi zilianguka watu walipokimbia, na 2022 zikapanda kupita zilivyokuwa kabla ya korona. Sisi ndio tulioshusha, sisi ndio tukapandisha, na katikati hapo tulikuwa hatupo.

"Hata hivyo," akaongeza, "ghorofa ya 11 imeshachukuliwa. Kuna kijana."

Kijana gani? Siku mbili baadaye simu ikaita usiku.

"Mjomba, samahani kukuamsha. Hivi huku mlikuwa mnalalaje?"

Mjukuu wa mzee. Miaka miwili kijana yule hakuwa anatengeneza baiskeli yoyote. Alikuwa anasikiliza vikao. Kila nililojifunza mimi juu ya bati, yeye alilisikia chini ya bati, kivulini, bila kodi wala jua. Nafasi ilipotangazwa aliomba, na kwenye usaili akajibu maswali ya bosi kwa maneno ya bosi mwenyewe. Sasa anakaa kwenye kiti changu, anapanda lifti yangu, analala chumbani kwangu na kulalamikia honi.

Sasa turudi kwenye ile asubuhi. Bosi kauliza nani kaja na jogoo, mimi nageuza shingo, Katibu kashika kioo chote. Mara kwenye kile kisanduku cha watu wa ofisini ikainuka sauti ninayoijua.

"Samahani, bosi, huyo ni wa kwetu. Ila mjomba, mbona leo sauti yake nzito? Mwambie babu amwangalie, yasije yakawa mafua."

Watu 23 wakasogea karibu na skrini zao kumtazama. Bosi mwenyewe akainama. Katibu akainamisha kichwa, akakitikisa, akapiga chafya.

Bosi, aliye mwendo wa saa tatu kutoka hapa, akavuta kiti nyuma.