Talanta: Uwanja wa Nani, Deni la Nani?

Juni 2024 Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, ilicheza mechi mbili za nyumbani za kufuzu Kombe la Dunia, dhidi ya Burundi na Ivory Coast, na nyumbani kwenyewe kulikuwa Lilongwe, Malawi. Viwanja vya Kasarani na Nyayo, Nairobi, vilikuwa havifai, na nchi nzima haikuwa na uwanja mwingine uliokubaliwa na CAF, shirikisho la soka la Afrika. Baadaye tukahamia Namboole, Uganda. Ni mpaka Machi 2025, Gabon ilipokuja Nyayo, ndipo shabiki wa Nairobi alipoweza tena kupanda matatu na kwenda kuishangilia timu ya taifa lake. Nayataja haya mwanzoni kwa sababu nitauliza maswali makali kuhusu uwanja mpya wa Talanta, na sitaki mtu adhani nimesahau tulikotoka.

Talanta unajengwa Jamhuri, kando ya Ngong Road. Rais William Ruto alizindua ujenzi Machi 2024, kazi ikapewa kampuni ya China Road and Bridge Corporation chini ya Wizara ya Ulinzi, na lengo ni viti 60,000 kwa ajili ya AFCON 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika tutakaloliandaa pamoja na Tanzania na Uganda. Mpaka hapo hakuna geni. Geni ni pesa. Badala ya kungoja bajeti ya kila mwaka au msaada wa nchi rafiki, mradi ulitafutiwa fedha kwa hatifungani, yaani mkopo unaouzwa kwa wawekezaji, ya shilingi bilioni 44.79, ijulikanayo kwa jina la Linzi, ya miaka 15, yenye riba ya asilimia 15.04 kwa mwaka. Iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi Julai 2025. Atakayelipa ni Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, ile inayolishwa na kodi za kamari na bahati nasibu.

Kwa mashabiki wenzangu nasikia hofu mbili, na mara nyingi zinatajwa kwa pumzi moja: kwamba tumekopa ghali, na kwamba uwanja hautakuwa wetu. Mimi naona ya pili ndiyo nzito zaidi, lakini huwezi kuielewa kabla hujaipitia ya kwanza.

Wanaoitetea hatifungani wana hoja ya maana. Kenya ilipokonywa AFCON ya 1996 ikapewa Afrika Kusini. Ikapokonywa CHAN ya 2018, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, ikaenda Morocco, kwa sababu viwanja havikuwa tayari. Yeyote aliyekulia hapa anajua jinsi uwanja wa serikali unavyojengwa kwa bajeti ya kawaida: ukuta unapanda mwaka huu, mwaka ujao fungu linakatwa, mkandarasi anaondoa mitambo, nyasi zinaota palipotakiwa kuwa viti. Hatifungani inaweka pesa yote mezani, na mkandarasi anayelipwa kwa wakati hana kisingizio. Tena ni deni la shilingi. Januari 2024 dola moja ilikuwa inakaribia shilingi 160. Nchi iliyokopa kwa dola ilikuwa inaona deni lake likivimba bila kukopa senti ya ziada. Deni la Talanta haliwezi kutuvimbia kwa njia hiyo, na sehemu kubwa ya riba yake inabaki kwa wawekezaji wa humu humu, wakiwemo wastaafu ambao pesa zao zimo kwenye mifuko ya pensheni.

Hata hiyo asilimia 15.04 haiwezi kuhukumiwa kwa haraka. Februari 2024, siku chache kabla ya ujenzi kuzinduliwa, serikali yenyewe iliuza hatifungani ya miundombinu kwa zaidi ya asilimia 18.4. Ukiilinganisha na hiyo, Talanta ni nafuu. Lakini ilipofika sokoni Julai 2025 hali ilikuwa imegeuka: Benki Kuu ilikuwa imeshusha riba yake elekezi hadi asilimia 9.75 na mikopo ya serikali ilikuwa inashuka bei. Kwa hiyo tumefunga ndoa ya miaka 15 kwa mahari ya kipindi kigumu. Si wizi, na wanaoliita wizi wanakosea. Ni gharama ya kuwa na haraka, na haraka hiyo tuliileta wenyewe kwa miaka 30 ya kutojenga.

Sasa hesabu. Chukua mkopo wa bilioni 44.79 kwa asilimia 15.04, ulipwe kwa mafungu sawa kila mwaka kwa miaka 15. Kila fungu linakuja karibu bilioni 7.7, na jumla inapita bilioni 115. Tuseme kiingilio cha ligi ni shilingi 200 na viti vyote 60,000 vimejaa: mechi moja inaleta milioni 12. Ili kulipa fungu la mwaka mmoja kwa tiketi peke yake utahitaji mechi 640 zilizofurika, na mwaka una siku 365. Pandisha kiingilio hadi shilingi 1,000, ambacho mashabiki wengi hawawezi kukilipa kila wiki, bado ni mechi 128. Mpira hautalipa deni hili. Wala waliolibuni hawakudai utalilipa, ndiyo maana walilifunga kwenye kodi ya kamari.

Hapo ndipo ninapoanza kukosa raha. Ile Hazina haikuundwa kwa ajili ya uwanja mmoja wa Nairobi. Ndiyo inayotegemewa kwa safari za timu za taifa, posho, mashindano ya vijana, wanariadha, na kwa upande mwingine sanaa na huduma za jamii. Mwenye hatifungani hulipwa kwanza. Mwaka mapato yakiwa mazuri, sawa, wote watakula. Mwaka yakiwa mabaya, atakayesubiri ni timu ya wasichana inayotakiwa kusafiri kesho, au kocha wa riadha huko Iten. Na mapato yenyewe si mwamba. Sheria ya Fedha ya 2025 ilibadilisha ushuru wa kamari kutoka asilimia 15 ya dau hadi asilimia 5 ya pesa anazoweka mchezaji kwenye akaunti yake. Mabadiliko hayo yanaweza kuongeza makusanyo au kuyapunguza, lakini yanaonyesha jinsi chanzo hiki kinavyoweza kuguswa kwa kalamu moja bungeni.

Kuna jambo jingine ambalo sijasikia likisemwa vya kutosha. Tunaishi na vijana wanaoteketeza karo na kodi ya nyumba kwenye kamari za simu. Siku taifa litakapoamua kuudhibiti ugonjwa huo kwa dhati, hadi karibu 2040 kutakuwa na deni linaloombea kamari istawi. Sisemi serikali itazembea makusudi. Nasema imejiwekea sababu ya kuzembea, na anayelipa kwa dau la shilingi 50 huko Githurai ni shabiki yule yule ambaye tunasema uwanja ni wake.

Sasa umiliki. Wengi wanauliza hati ya ardhi ina jina la nani. Ni swali halali, lakini mpira una mifano ya watu waliopoteza uwanja huku kila hati ikiwa safi kabisa. Mfano unaonisumbua ni wa Coventry City, Uingereza.

Klabu hiyo ilikaa Highfield Road tangu 1899. Mwaka 2005 ikahamia uwanja mpya wa viti zaidi ya 32,000, lakini haikuumiliki: wenye mali walikuwa halmashauri ya jiji na shirika la hisani. Klabu ikawa mpangaji, ikilipa zaidi ya pauni milioni moja kwa mwaka, huku mapato mengi ya chakula, maegesho na shughuli nyingine yakienda kwingine. Iliposhuka daraja na mifuko kutoboka, ugomvi wa kodi ukaanza. Msimu wa 2013/14 Coventry ikacheza mechi zake za nyumbani Northampton, zaidi ya kilomita 50 kutoka kwao. Mashabiki wengi waligoma kuingia. Wengine walisafiri mpaka huko, kisha wakasimama juu ya kilima nje ya uwanja, wakitazama kipande tu cha mchezo, ili wasimpe mmiliki pesa zao. Sijui kama kuna picha ya mapenzi ya mpira inayouma kuliko hiyo.

Kisha uwanja ukauzwa kwa Wasps, timu ya raga. Wasps nao mwaka 2015 wakauza hatifungani ya pauni milioni 35, kwa asilimia 6.5, uwanja ukiwa dhamana. Ilipoiva 2022 walishindwa kuilipa, na mwaka huo huo wakafilisika. Coventry walikuwa wamekwisha kulazimika kucheza Birmingham kwa misimu mingine miwili. Ni Agosti 2025 ndipo klabu ilipoununua uwanja huo, miaka 20 baada ya kuingia kama mpangaji.

Ninachokiona katika mkasa huo ni kwamba shabiki alikosa kwao kwa sababu ya mikataba miwili ambayo hakuiona: wa pango na wa deni. Jina lililo kwenye hati lilibadilika mara kadhaa, na kila mara yeye alibaki mahali pale pale, nje. Tofauti na Wasps, deni la Talanta limefungwa kwenye mapato ya Hazina, si kwenye tiketi za uwanja, na hiyo ni nafuu kubwa. Lakini mkataba wa pango bado unatuhusu, maana Gor Mahia na AFC Leopards, klabu zilizoujenga mpira wa nchi hii tangu miaka ya 1960, hazina uwanja wao. Zimekuwa wapangaji siku zote, zikihamishwa Nyayo, Kasarani, Machakos, Dandora, kulingana na nani amefunga lango wiki hiyo. Kasarani imeapisha marais 2013, 2017 na 2022. Uwanja wa taifa huwa na shughuli za taifa, na tamasha la muziki hulipa kuliko mechi ya Jumatano. Bila mkataba, K'Ogalo (Gor Mahia) na Ingwe (Leopards) watapewa Talanta siku ya Mashemeji tu, wanapokutana wao kwa wao, watu wapige picha, kisha warudi kutangatanga.

Jirani zetu Tanzania wana somo la aina yake. Viwanja kama CCM Kirumba wa Mwanza, Sokoine wa Mbeya na Mkwakwani wa Tanga viko mikononi mwa chama tawala, CCM. Wapinzani wamedai kwa miaka mingi kwamba vilijengwa kwa jasho na michango ya wananchi wote enzi ya chama kimoja, hivyo vilipaswa kurudi kwa umma mfumo wa vyama vingi uliporejea 1992. Chama kinashikilia kwamba ni mali yake. Ubishi huo una umri mkubwa kuliko wachezaji wengi wanaocheza kwenye nyasi hizo leo, na ulizaliwa kwa sababu wakati watu wanachanga hakuna aliyeandika wanachangia nini na kwa masharti gani.

Wapo watakaonijibu kwamba klabu zetu hazistahili kuaminiwa. Wana haki. Klabu za wanachama ambazo uchaguzi wake huishia kwenye ugomvi, ambazo wachezaji hugoma kwa mishahara, zingeshikaje uwanja wa bilioni 44? Mimi ni mshabiki na nakubali: kuukabidhi Talanta kwa klabu yoyote leo kungekuwa kuuzika. Uwanja ubaki mali ya umma. Ila kubaki mali ya umma si sawa na kubaki mikononi mwa afisa mmoja anayeamua kwa simu nani acheze na nani aende Machakos. Kumiliki na kuwa na haki ya kutumia ni vitu viwili, na klabu zinahitaji kile cha pili kiandikwe.

Kiandikwe nini? Kwanza, idadi ya siku za mechi za ligi zisizoweza kufutwa kwa ajili ya mkutano au tamasha bila fidia. Pango lihesabiwe kama sehemu ya kiingilio badala ya ada isiyobadilika, ili mechi ya watu 3,000 isiifilisi klabu. Klabu mwenyeji ipate fungu la matangazo na chakula, kwa sababu bila hilo tutakuwa tumeijenga Coventry ya Ngong Road. Na malipo ya hatifungani yatangazwe kila mwaka pamoja na kilichobaki kwenye Hazina kwa timu nyingine, ili kocha wa Iten ajue kwa nini amekosa.

Hayo hayahitaji shilingi moja ya ziada kutoka kwa wenye hatifungani, wala hayachelewishi kiti hata kimoja. Yanahitaji watu wa klabu, wa shirikisho na wa Wizara kukaa meza moja kabla ya AFCON, wakati kila upande bado unamhitaji mwenzake. Mashindano yakiisha na wageni wakiondoka, mwenye funguo hatakuwa na sababu ya kuketi na mpangaji.